Ukurasa wa Wazazi: Herufi za Pembe na Fimbo ya Mwalimu



Mwezi huu tumepokea barua ya baba mmoja. Jina lake na mji wake hatuvitaji, maana mambo ya nyumbani mwa mtu si ya kutangazwa barazani. Aeleza ya kuwa ana mwana wa kiume, umri wake miaka sita, naye kila jioni humkalisha penye taa na kitabu cha kusomea. Mtoto asiposoma vema hupigwa, kwa kuwa baba naye alipigwa alipokuwa mdogo, akajua kusoma. Lakini sasa saa ya kusoma ikikaribia mtoto hujificha nyuma ya nyumba, na juma lililopita alisema anaumwa tumbo, kumbe haumwi. Baba huyu amesikia habari ya wazazi wa Marekani wanaorudia namna ya kale ya kuwafunza watoto, namna ya Wayunani na Warumi, naye ameambiwa kwamba ni namna ya kukaza sana. Auliza: Je, aifuate? Fimbo aizidishe au aipunguze? Tena mkewe ataka watu wote wa nyumbani waache kusema Kiswahili na mtoto, waseme Kiingereza tu, ili asiachwe nyuma na wenziwe.

Maswali ni matatu, nasi tumeona vema kuyajibu kwa habari za mwalimu mmoja wa kale, ili ndugu yetu aichote elimu ya Warumi kwenye chemchemi yenyewe, asiipate katika uvumi. Maana wengi wakisikia neno "elimu ya kale" hudhani ya kwamba ni watoto kukaa safu safu, kuimba maneno wasiyoyajua, na mwalimu kusimama juu yao ameshika mjeledi. Shule za namna hiyo zilikuwako kweli, wala si chache. Lakini mwalimu aliyesifiwa kuliko wote katika Rumi alizichukia, akaandika kwa nini alizichukia.

Mwalimu huyo aliitwa Marcus Fabius Quintilianus, nasi tutamwita Quintilian kama waitavyo watu wa leo. Alizaliwa karibu na mwaka 35 baada ya Kristo katika mji wa Calagurris, nchi ya Hispania. Mji huo leo huitwa Calahorra. Kwa muda wa yapata miaka ishirini alifundisha mjini Rumi ufundi wa kunena mbele ya watu, ambao ndio uliokuwa kilele cha masomo ya Warumi, kwa kuwa mtu asiyejua kunena mahakamani na barazani ilikuwa vigumu kupata cheo. Kaisari Vespasian alikuwa wa kwanza kuwawekea walimu wa ufundi huo mshahara kutoka hazina ya serikali, sesterti 100,000 kwa mwaka, wakati askari wa kawaida alipopata sesterti 900; na Quintilian ahesabiwa kuwa wa kwanza aliyeupokea. Pliny Mdogo, yule mwandishi wa barua mashuhuri, alikuwa mwanafunzi wake. Alipokwisha kuiacha kazi ya shule aliandika, karibu na mwaka 95, vitabu kumi na viwili viitwavyo Institutio Oratoria, yaani malezi ya msemaji.

Mtu mwenye cheo kama hicho ungetazamia aanze na vijana waliokwisha kukua. Yeye alianza na yaya. Alisema ya kuwa mtoto husikia sauti ya yaya kwanza kuliko sauti zote, naye atajaribu kuyaiga maneno yake. Basi yapasa yaya awe mwema kwa tabia, tena aseme sawasawa. Chombo kipya hushika harufu ya kitu cha kwanza kilichotiwa ndani yake, na sufu ikiisha kutiwa rangi haiurudii weupe wake. Kadhalika yale mtoto aliyoyasikia kwanza hukaa, na mabaya hukaa zaidi kuliko mema.

Akasema neno jingine ambalo twapenda kuliweka mbele ya wazazi wote wanaoona haya kwa kutokusoma. Alitaka wazazi wote wawili wawe na elimu kadiri iwezekanavyo, wala si baba peke yake. Akamtaja Cornelia, mama wa ndugu wawili walioitwa Gracchi, ambaye kunena kwao kulitokana kwa sehemu kubwa na kunena kwake. Akawataja pia Laelia na Hortensia, mabinti waliofuata ufasaha wa baba zao. Kisha asema ya kwamba wazazi ambao wenyewe hawakubahatika kusoma wasipunguze bidii kwa ajili ya watoto wao, bali waizidishe katika mambo mengine yote. Anayemwogopa sana si mtu asiye na elimu. Anamwogopa mwenye elimu nusu, ajidhaniaye kuwa anayo yote, akawafunza watoto ujinga wake kwa ukali. Watu wa namna hii hata sisi twawajua.

Na tuje kwenye lugha, kwa kuwa hapa ndipo mke wa ndugu yetu atakapotusikiliza kwa makini. Watu wakubwa wa Rumi walikuwa na shida inayofanana na yetu. Lugha yao ilikuwa Kilatini, lakini vitabu vya elimu vilikuwa vya Kiyunani, na mtu asiyejua Kiyunani hakuhesabiwa kuwa msomi. Quintilian alikubali mtoto aanze na Kiyunani, kwa sababu Kilatini atakisikia kila mahali, hata asipofundishwa. Mama wa nyumba atafurahi kusikia hayo. Walakini mwalimu wetu haishii hapo. Aonya ya kwamba mtoto asikae muda mrefu akisema na kujifunza Kiyunani tu, kama walivyofanya watu wengi siku zake. Maana hutokea matamshi ya kigeni kinywani mwake, na namna za kigeni za kupanga maneno, nazo humshika hata asemapo lugha nyingine. Basi Kilatini kifuate upesi, na lugha mbili ziende sambamba, zikitunzwa kwa uangalifu ulio sawa, hata isiwepo moja ya kuizuia nyingine.

Tena lipo jambo ambalo kwa Quintilian halikuhitaji kutajwa. Katika nyumba kubwa za Rumi walikuwamo watu waliozaliwa katika Kiyunani, wakakinena kama maji yatiririkavyo. Je, nyumbani mwenu yuko anenaye Kiingereza hivyo? Kama yuko, na aseme nacho na mtoto, ni baraka. Kama hayuko, na mama atasema Kiingereza cha kutafutatafuta maneno, mtoto atapata Kiingereza cha kutafutatafuta, na wakati uo huo atanyimwa Kiswahili chema cha mama yake, au Kihaya, au Kinyamwezi cha bibi yake, ambacho kina hadithi na mizaha na maneno ya huruma yasiyokuwamo katika kile kingine. Hatusemi Kiingereza kisifundishwe. Katika Tanzania shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na za sekondari kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua hupata taabu kubwa afikapo huko. Twasema mama aseme na mwanawe lugha anayoijua kuliko zote, na Kiingereza kitafutiwe mwalimu akijuaye.

Sasa herufi. Walikuwako wazee wa kale waliosema mtoto asifundishwe kusoma kabla ya miaka saba. Quintilian hakuafikiana nao. Aliuliza kwa nini faida ya miaka ile, ijapokuwa ni ndogo, itupwe. Lakini mara alipokwisha kusema hivyo aliweka sharti, na sharti hilo ndilo jibu kwa ndugu yetu: mtoto asije akayachukia masomo kabla ya kuweza kuyapenda, maana uchungu ulioonjwa mara moja humfuata mtu hata baada ya miaka ya utoto kupita. Kwa hiyo masomo ya kwanza yawe mchezo. Mtoto aulizwe, asifiwe, afurahi kwamba amejua. Pengine akikataa, afundishwe mwingine mbele yake, amwonee wivu. Ashindane, na mara nyingi ajione ameshinda. Apewe zawadi za kuupendeza umri ule. Mshairi Horace naye ataja walimu waliowapa watoto vijikate vitamu ili wapende kujifunza herufi. Basi jambo hili lilikuwa la kawaida hata kabla ya Quintilian.

Kuhusu njia yenyewe alikuwa na maneno ya fundi, ambayo yatufaa leo bila kupunguza kitu. Kwanza, hakupenda watoto waimbishwe majina ya herufi kwa mfuatano kabla ya kuzijua sura zake. Mtoto aliyefundishwa hivyo haziangalii herufi, kwa kuwa ulimi umekwisha kutangulia mbele ya macho. Jaribu nyumbani kwako: mtoto aimbaye a-be-che vizuri, mwonyeshe herufi ya m iliyo peke yake, nawe utamwona aanza tena tangu mwanzo, akiimba kwa siri, mpaka aifikie. Ndiyo sababu walimu wa Rumi, walipodhani kwamba watoto wameshika, walizirudisha herufi kinyumenyume na kuzichanganya. Quintilian alitaka sura na jina vifundishwe pamoja, kama tumjuavyo mtu kwa uso na kwa jina lake.

Pili, alisifu desturi ya kumpa mtoto herufi zilizochongwa kwa pembe za ndovu, azichezee, azishike, azitazame, azitaje. Pembe hatuna, wala sheria haituruhusu kuzitafuta. Lakini udongo wa mfinyanzi upo. Kaa na mtoto chini ya mti, mfinyange herufi mbili au tatu kwa siku, kila moja kubwa kama kiganja chake, mzianike. Zikivunjika, ni sababu ya kufinyanga nyingine. Anayeweza kuchonga mbao laini na achonge. Hata karatasi ngumu ya masanduku ya dukani, ikikatwa kwa kisu, yatosha.

Tatu, mtoto akianza kuandika, apewe ubao uliochimbwa herufi ndani yake, ili kalamu ipite katika mfereji ule kama jembe lipitavyo katika tuta. Kalamu haiwezi kutoka nje, na kwa kuyafuata mara nyingi na upesi yale yaliyo imara, vidole hupata nguvu, wala hapahitajiki mkono wa mwalimu juu ya mkono wake. Wazee wa pwani waujua ubao wa chuoni, ulioandikwa kwa wino ukaoshwa ukaandikwa tena. Huu wa Warumi ni ndugu yake, ila maandishi yake hayafutiki.

Nne, silabi. Hapa hapana njia ya mkato, asema. Zote zijifunzwe, wala zilizo ngumu zisiahirishwe, kama wafanyavyo walio wengi, mpaka mtoto akutane nazo katika maneno na kukwama. Kiswahili kimetupa urahisi mkubwa kuliko Kilatini, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa mojawapo ya vokali tano, na mtoto aliyejua ba be bi bo bu ameshika ufunguo. Lakini sisi nasi twaziruka zilizo ngumu. Twakaa juma nzima kwa ma me mi mo mu, kisha twampa kitabu ambacho mstari wa kwanza una ng'ombe, mbwa, nywele na chungwa, na mtoto asimamapo twamwita mvivu.

Ndugu yetu mpenzi, tazama sana neno linalofuata, maana kana kwamba limeandikwa kwa ajili ya mwanao. Quintilian asema ni ajabu jinsi haraka inavyochelewesha kusoma. Mtoto akilazimishwa kusoma maneno kwa mfululizo kabla hajawa na hakika ya kuunganisha herufi, atasita, atakatiza, atarudia. Na baada ya kukosa mara kadhaa huacha kuyaamini hata yale anayoyajua. Mtoto aliyefika hapo hawezi kusaidiwa na kitabu kile kile kuwekwa tena mbele yake kila jioni. Shauri letu ni hili: kitabu kiweke kando kwa muda wa mwezi mmoja. Rudi kwenye herufi za udongo, robo saa tu, mchana, wala si usiku akiwa na usingizi. Akitaka kuendelea robo saa ikiisha, mwambie basi hata kesho. Utaona.

Na fimbo? Katika Rumi fimbo ilikuwa desturi iliyokubaliwa. Horace alipokuwa mtoto alifundishwa na mwalimu mmoja jina lake Orbilius, naye Horace alimpa sifa ya mpigaji, hata leo Orbilius hukumbukwa kwa jambo hilo kuliko mengine yote aliyoyafanya. Si haki kabisa, pengine, lakini ndivyo watoto wanavyolipa.

Shahidi mwingine ni mtu wa bara letu la Afrika, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras katika nchi ya Algeria. Katika Maungamo yake aeleza ya kuwa alipokuwa mtoto mdogo alimwomba Mungu kwa bidii nyingi asipigwe shuleni, na wazee wake, ambao hawakumtakia mabaya, walikuwa wakiyacheka mapigo yake. Kisha akalinganisha lugha mbili. Kilatini alikipata bila vitisho, katikati ya mabembelezo ya yaya na vicheko vya watu waliocheza naye. Kiyunani alikipata kwa vitisho na adhabu, akakichukia, wala hakukishika vizuri maisha yake yote, ijapokuwa baadaye alikuwa mwalimu wa kunena katika Karthago, Rumi na Milano. Akatoa hukumu ya kuwa hamu ya moyo ina nguvu kuliko hofu katika kujifunza lugha. Mtu huyu hakuwa na akili ndogo. Kama fimbo ingaliweza kumfundisha mtu Kiyunani, ingalimfundisha yeye.

Quintilian, aliyemtangulia kwa miaka karibu mia tatu, alitoa sababu zake moja moja. Kupigwa ni aibu, ni jambo lifaalo watumwa, na mtu mzima akipigwa angelihesabu kuwa ni tusi. Tena mtoto mwenye moyo wa chini, asiyerekebishwa na karipio, atazoea mapigo pia, kama watumwa waliokwisha kuwa sugu. Tena haitakuwa na haja ya fimbo ikiwa yupo mtu wa kusimama karibu naye daima na kuyaangalia masomo yake. Maana asema walimu huacha kumwongoza mtoto atende yaliyo sawa, halafu humwadhibu kwa kuwa hakuyatenda. Tena, ukimlazimisha mtoto kwa mapigo, utamfanyia nini akiisha kuwa kijana, asiyeweza kutishwa hivyo, naye ana mambo makubwa zaidi ya kujifunza? Mwisho agusa, kwa maneno ya staha, ya kwamba watoto hupatwa na mambo ya aibu kwa ajili ya maumivu au hofu, na aibu hiyo huuvunja moyo na kuufanya uikimbie nuru.

Sababu ya kwanza haikutupendeza. Kumbe huruma ya mwalimu huyu iliishia mlangoni pa mtumwa: mtoto wa bwana asipigwe, lakini wa mtumwa, haidhuru. Nasi tunaokaa katika nchi hizi, ambamo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hatuwezi kulipita neno hilo kimya kimya. Sababu zake nyingine zina nguvu bila ile ya kwanza, na zawafaa watoto wote.

Wapenda fimbo hutuletea methali: samaki mkunje angali mbichi. Haya, lakini methali haikusema mvunje. Kanuni za Tanzania za mwaka 1979 ziliruhusu fimbo shuleni kwa masharti, na Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Lakini hatudhani ndugu yetu asubiri sheria imfundishe habari za mwanawe mwenyewe. Mtoto aliyesema tumbo lamuuma amekwisha kujifunza kitu kutokana na fimbo, nacho ni uongo. Aipunguze? Hapana, aiache.

Mtu asidhani, walakini, ya kuwa Quintilian alipenda ulegevu. Alipenda mtoto ambaye sifa humwamsha, na ambaye akishindwa hulia. Alitaka kila mtoto ajulikane tabia yake, kwa kuwa wengine hulegea wasipohimizwa, na wengine hawavumilii kuamriwa. Wengine huzuiwa na hofu, na wengine huvunjwa nayo. Alisifu pia desturi ya walimu wake mwenyewe, waliowapanga vijana kwa daraja, wakanena kwa zamu kila mmoja mahali pake, na baada ya kila siku thelathini wakashindana upya. Jambo hilo sisi hatulipendi sana. Aliyelikumbuka kwa furaha ni Quintilian. Waliokaa mkiani siku thelathini, kisha thelathini nyingine, hawakuandika vitabu. Lakini kuhusu mapumziko na michezo twakubaliana naye kabisa: aliona mchezo ni dalili ya akili iliyo hai, wala hakutazamia bidii kwa mtoto ambaye hata mchezoni hukaa kwa huzuni.

Neno dogo juu ya kukariri. Warumi walikariri mengi, na watu wa leo wameidharau kazi hiyo kupita kiasi. Quintilian ashauri maneno yagawanywe sehemu fupi, yasemwe kwa sauti ya chini ili sikio nalo lisaidie, mtu ajipime mara kwa mara bila kutazama, kisha alale. Maana aliona kwa mshangao ya kwamba usiku mmoja ukipita, maneno yaliyokuwa yakiyumba jioni huwa imara asubuhi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha ya kuwa wanafunzi waliosoma habari kisha wakajaribu kuikumbuka bila kitabu waliishika zaidi baada ya juma moja kuliko wale walioisoma tena na tena. Basi mtoto akisoma ukurasa, ufunge, useme, "Haya, niambie."

Kwa watoto wakubwa kidogo, na hapa ndipo tunapoona utajiri mkubwa wa elimu ile, yalikuwako mazoezi ya kuwaongoza hatua kwa hatua mpaka kunena na kuandika. Mwalimu Aphthonius wa karne ya nne aliyapanga kumi na manne, na la kwanza lilikuwa ngano ya wanyama. Quintilian naye ataka watoto watoke kwenye hadithi za yaya waende kwenye ngano za Esopo, ambazo hata kwa Kiswahili zimekwisha kufasiriwa tangu zamani. Mtoto aisimulie ngano kwa maneno safi yasiyojitukuza, kisha aiandike kwa wepesi uo huo. Kisha abadili maneno, aifupishe, aipambe, maana ibaki ile ile.

Tuichukue ile ya mbwa aliyevuka mto na nyama kinywani, akakiona kivuli chake majini, akadhani ni mbwa mwingine mwenye nyama kubwa zaidi, akafunua kinywa na kuipoteza yake. Jioni ya kwanza mzazi asimulie. Jioni ya pili mtoto asimulie, wala asikatizwe hata akikosea. Ya tatu aandike. Ya nne aiandike kwa mistari mitatu tu. Hapo utaona jasho, kwa kuwa kufupisha ni kazi kuliko kurefusha. Ya tano aisimulie kama yeye ndiye mbwa. Ya sita ulizeni: Je, yawezekana mbwa asikijue kivuli chake? Mmoja athibitishe, mwingine akanushe, kisha wabadilishane. Ngano ya dakika moja yaweza kulisha nyumba juma zima, nasi twajua nyumba ambazo babu ndiye aliyeshinda katika kukanusha.

Yuko pia mtoto wa miaka kumi na miwili au zaidi, aliyekwisha kuzichoka ngano. Huyu apewe methali. Aphthonius aliweka hatua nane: kumsifu aliyeinena, kuieleza kwa maneno mengine, kutoa sababu yake, kuonyesha kinyume chake, kuilinganisha na kitu, kutoa mfano wa mtu, kuleta ushahidi wa wazee, na kumaliza kwa ufupi. Mpe "Haraka haraka haina baraka," umwache aipitishe katika hatua hizo zote. Akifika kwenye kinyume atagundua mwenyewe ya kwamba lipo pia "Ngoja ngoja yaumiza matumbo," na hapo mjadala wa kweli utaanza. Lugha yetu ina methali nyingi kuliko siku za kuzifanyia zoezi hili, na kwa hiyo hatuhitaji kununua kitabu chochote kutoka ng'ambo.

Juu ya Wamarekani alioulizia ndugu yetu, tutasema kwa ufupi. Wao hushika hasa mpango wa sanaa saba, ambao ulienezwa katika Ulaya na kitabu cha Martianus Capella, mtu wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini wa karne ya tano. Tatu za kwanza ni sarufi, mantiki na balagha. Nne za baadaye ni hesabu, jiometri, elimu ya nyota na muziki. Mwaka 1947 Bibi Dorothy Sayers, Mwingereza, alitoa hotuba Oxford akazilinganisha zile tatu za kwanza na umri wa mtoto: kwanza ni wakati wa kukariri kama kasuku, kisha wakati wa kubishana, kisha wakati wa kupenda kujieleza. Kwa hotuba hiyo zilianzishwa shule, mojawapo ikiwa Logos School katika jimbo la Idaho mwaka 1981, na wazazi wengi wafundishao nyumbani wameifuata. Yafaa kujua ya kuwa kuzigawa sanaa hizo kwa umri ni wazo la Bibi Sayers mwenyewe, wala si la watu wa kale. Mtoto wa Rumi hakungoja mpaka miaka kumi ndipo aulizwe "kwa nini". Anayetaka kuufuata mpango wao na aufuate, akijua ni wa mwaka 1947.

Watu wengine husema Quintilian alinena juu ya watoto kwa upole kwa kuwa alikuwa tajiri, mwenye wanafunzi wa kuchagua. Utangulizi wa kitabu chake cha sita wawajibu. Alipokuwa akiandika alikusudia kazi ile iwe urithi bora wa mwanawe. Mkewe alikufa kabla hajatimiza miaka kumi na tisa, akiwa amemzalia wana wawili. Mdogo akafa akiwa amepita kidogo miaka mitano. Akabaki mkubwa, aliyekuwa na sauti njema na matamshi safi katika lugha zote mbili. Naye akaugua miezi minane, na baba asema ya kuwa saa za mwisho, akili zilipokwisha kumpotea, mtoto alikuwa akiweweseka juu ya shule na masomo.

Baba yake aliandika vitabu saba zaidi baada ya hapo, vya watoto wa watu wengine. Kwa karne nyingi nakala zilizojulikana zilikuwa zimepungukiwa, mpaka mwaka 1416 Poggio Bracciolini alipoikuta nakala kamili katika monasteri ya St. Gallen, nchi ya Uswisi, imejaa vumbi na ukungu katika chumba cha chini ya mnara, akaketi akainakili kwa mkono wake.